Mstari Uliorudi Bila Kuitwa

Emerance hakuamini mashine, na kwa mtu aliyekula mkate wa kompyuta miaka ishirini, hilo liliwachekesha wengi. Alikuwa na kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi karibu na stendi ya mabasi ya Kamembe, mji wa mpakani Rwanda. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi alinakili blogu yake yote kwenye flash, akaifunga flash ndani ya kitambaa, akaificha kwenye kopo la sukari nyumbani. Wenzake walimtania kwamba ananywa chai ya mtandao. Aliwaacha wacheke.

Blogu yenyewe iliitwa Tuliowasindikiza. Siku chache baada ya mazishi, familia inapokusanyika kumaliza matanga, watu husimama mmoja mmoja kumsema marehemu, na Emerance alikuwa akikaa pembeni na daftari lake. Aliyoyasikia aliyaandika vizuri, akayaweka mtandaoni, kila mtu na ukurasa wake. Walikuwa wamefika mia moja arobaini na watatu: walimu, wauza dagaa wa ziwani waitwao sambaza, waashi, wakulima wa mpunga wa Bugarama. Hakulipwa hata chupa ya soda. Sheria yake ilikuwa moja tu: familia ikisema futa, anafuta, bila maswali. Ndiyo maana milango ilimfungukia.

Mwezi wa tano blogu ikapotea. Kampuni iliyomkodisha nafasi mtandaoni ilimwandikia mistari mitatu: mitambo imeharibika, hakuna kilichookolewa, poleni. Emerance alilia waziwazi mbele ya mteja aliyekuja kuchapa barua ya kuomba kazi. Kisha akamchapia barua yake, akafunga kibanda, akaenda kwenye kopo la sukari.

Kazi ilimchukua siku nne. Alikodi nafasi kwingine, akapandisha mafaili, yakagoma, akayapandisha tena kidogo kidogo. Maandishi yakaja, picha zikakataa. Akazirudisha moja moja, akiwaita wenye sura kwa majina kama mwalimu anayeita mahudhurio. Kurasa mbili za baada ya nakala ya mwisho alizikuta kwenye WhatsApp, kwa kuwa kila familia aliitumia kwanza. Alipomfikisha wa mia moja arobaini na tatu, alijisifu kwa sauti akiwa peke yake, na mimi simlaumu.

Ila jambo moja lilikuwa limemtoka kichwani. Niyonshuti, seremala wa Mururu, aliandikwa Jumatano ya wiki ya mwisho ya mwezi wa nne. Ijumaa nakala ikachukuliwa. Jumatatu mjane wake, Dative, akashuka kutoka Mururu kutaka mstari mmoja ufutwe, na ukafutwa. Flash haikujua habari za Jumatatu. Ilimrudisha Niyonshuti kama alivyokuwa Ijumaa, mstari ukiwemo.

Mstari huo ulitoka kwa Mukabalisa, anayevusha mboga kwenda Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kila siku. Siku ya kumaliza matanga alisimama akasema kwamba Niyonshuti alikuwa akija mpakani kila Jumamosi na chupa ya chai, akiwangoja wauza mboga wanaorudi, na kuwauliza: "Fundi Rukundo amefungua leo?" Wakimwambia amefungua, aliwamiminia chai, akarudi zake nyumbani. Aliwakataza wasimwambie fundi huyo ni nani anayeuliza. Rukundo ni mdogo wake, fundi wa kushona huko Bukavu. Waligombea cherehani ya marehemu mama yao mwaka Niyonshuti aliporudi Rwanda, ikabaki kwa Rukundo, na hawakusemezana tena miaka kumi na minane.

"Bwana yangu hakukuwa muntu wa kusimama ku barabara kuombaomba habari," Dative alisema Jumatatu ile. "Futa."

Emerance aligundua kosa siku tatu baada ya blogu kurudi, alipoona maoni mapya chini ya ukurasa huo. Alikuwa tayari kuufuta mstari, lakini akasoma maoni kwanza, na hakufuta. Alipanda pikipiki hadi Mururu, akijua anakwenda kutukanwa.

Dative alikuwa uani akipepeta maharage. Emerance alimweleza yote akiwa amesimama: kopo, Ijumaa, Jumatatu.

"Kwa hiyo batu banasoma," Dative akasema.

"Banasoma, maman. Siku tatu sasa."

"Na mimi nilikuamini."

Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. "Nitafuta hapa hapa, mbele yako," Emerance akasema. "Ila niache nikusomee kitu kwanza. Ukisema nifute, nafuta."

Akasoma kwenye simu. "Mimi ni Rukundo. Bamaman ba mboga balikuwa bananiambia kila Jumamosi: kuko muntu anauliza kama umefungua. Nikafikiri ni client anaona haya kuvuka. Samedi ilikuwa siku yangu ya kupumzika, lakini nilifungua, kila samedi, hata na malaria. Nilikuwa namungojea. Sikujua ni mukubwa wangu. Niliposikia amekufa, niliona haya kuja."

Dative aliweka ungo chini. Kuku akaja akadonoa maharage kwenye ungo, wala hakumfukuza.

"Soma tena," akasema.

Emerance akasoma tena. Dative akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Bote babili vichwa nguvu," akasema. "Uache. Na uandike chini ni mimi nimesema ibakie."

Jumamosi iliyofuata Dative alimpigia Emerance simu wakutane mpakani. Alikuja na chupa ile ile ya chai, ya bluu, kifuniko kimepasuka. Hakuwa amemtumia Rukundo ujumbe wowote zaidi ya maneno yale Emerance aliyoyaandika chini ya ukurasa. Alisema anataka kuuliza tu, kama alivyokuwa akiuliza mumewe. Saa tisa wauza mboga wakaanza kuvuka na mabeseni matupu, Mukabalisa akiwa mbele.

"Maman Mukabalisa," Dative akaita. "Fundi Rukundo amefungua leo?"

Mukabalisa akatua beseni lake chini.

"Leo amefunga, maman," akasema. "Ako kule nyuma. Batu ba douane, bale ba ushuru wa mpaka, banamuuliza ile cherehani anaipeleka wapi."

Dative akamshikisha Emerance chupa ya chai, akaanza kutembea kuelekea daraja la mpakani.