Adhuhuri ya Kuazima

Nakumbuka asubuhi moja ya zamani sana, mwanangu, zamani za mwezi wa pili mwaka huu, nilipokuwa bado kijana. Usicheke. Najua nakuzidi miaka minne tu, na kwa hesabu za ukoo mimi ni mtoto wa mjomba wako, si mzee wako. Lakini mtu aliyetimiza miaka kumi na saba, akaota ndevu tatu, akasailiwa na walimu wa chuo cha India akiwa amevaa suruali ya kulalia, huyo ana haki ya kuitwa mzee. Kwa hiyo leo wewe ni mwanangu na utanisikiliza. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi, ili ulazimike kumletea Bibi hapa kwetu Kenton akusomee, maana nakujua, peke yako utaishia mstari wa pili. Bibi, usiruke kitu, hasa pale ninapokusifu.

Juzi uliniuliza kwenye simu: kwaya ya skuli yenu huko Walthamstow wanapenda mtu wa namna gani kwenye usaili, ili ujifanye wa namna hiyo? Nikakujibu kwamba wanapenda mtu anayeoga. Ulikata simu. Haya, jibu lenyewe ni hili, na ni refu kwa sababu mimi mwenyewe nililipata kwa mzunguko.

Unajua kwamba tangu utotoni naimba muziki wa Kihindi kwa Mwalimu Nalini, yule mama wa Harrow anayefundisha sebuleni kwake, viatu vinabaki mlangoni na simu zinabaki ndani ya viatu. Mwanzoni nilikwenda kwa sababu Mama alinisukuma ndani ya gari. Baadaye nikawa naingia garini kwa hiari yangu, na mwaka jana, tukiwa mezani, nikatangaza kwamba nataka kwenda India kusomea shahada ya muziki.

Baba aliiweka chini chapati yake.

"Watu wa kule wanauza nyumba kuwaleta watoto wao wasome London," akasema. "Wewe uliyezaliwa London unataka kwenda kule. Tena kuimba."

"Basi nitapata kiti kirahisi kwenye ndege, Baba. Wote wanakuja huku."

Hakucheka. Baba ana duka la dawa, anapima kila kitu kabla hajakitoa, hata kicheko. Alimaliza chai yake, kisha akatoa hukumu: wakinikubali, yeye hatasema neno. Wakinikataa, nitakwenda kusoma uhasibu na yeye ndiye atachagua chuo. Tukapeana mikono juu ya bakuli la achari. Tangu hapo, mwanangu, kila nilipoona kikokotoo nilikigeuza kifudifudi.

Sasa nikueleze jambo moja la ufundi, halafu sitakusumbua tena. Katika muziki ule kuna raga, yaani njia ya sauti: noti zipi unapanda nazo, zipi unashuka nazo, ipi unakaa juu yake mpaka msikilizaji asahau bili ya umeme. Na kila raga ina saa yake. Kuna ya alfajiri, kuna ya adhuhuri, kuna ya jioni. Ukimwimbia Mwalimu Nalini raga ya alfajiri wakati wa jioni, anakutazama kama mtu aliyeingia harusini na taulo.

Usaili wangu ulikuwa wa video, na ulipangwa saa tano na nusu asubuhi ya India. Kwa London, majira yale ya baridi, hiyo ni saa kumi na mbili alfajiri, giza hata mbwa hatoki. Niliambiwa niimbe raga moja, nichague mwenyewe.

Nikachagua Sarang, ambayo ni raga ya adhuhuri. Niliona nimekuwa mjanja kuliko watu wote wa Kenton. Walimu wale watakuwa wamekaa kwenye jua, nitawaimbia jua lao, watasema huyu ni wetu.

"Raga inafuata jua la mwimbaji," Mwalimu Nalini akaniambia. "La kwako liko Kenton."

"Mwalimu, la Kenton halijaonekana tangu mwezi wa kumi. Niache niazime la kwao."

Alicheka, lakini alitikisa kichwa. "Koo ni lako. Amua."

Nikaamua, na nilipoamua nikapitiliza, maana hiyo ndiyo tabia yetu katika ukoo huu. Niligeuza simu yangu ikawa kwenye saa za India. Nikawa nakula wali na dengu alfajiri, nasema ni chakula cha mchana. Kipindi cha mwisho skuli nilisinzia, mwalimu wa historia akaniuliza kulikoni, nikamwambia, "Samahani, kwetu sasa ni usiku." Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Nikalipenda lile neno, kwetu. Nikawa nalitia kila mahali. Kwetu hatunywi chai hivi. Kwetu mwalimu hashikwi mkono. Kwetu, kwetu, na mimi India nimeiona kwenye ramani na kwenye paketi ya mchele.

Nikatunga na hotuba, kwa sababu nilijua wataniuliza kwa nini nataka kusomea kwao. Siku moja nikaifanyia mazoezi jikoni, mbele ya Bibi, naye anasukuma chapati.

"Tangu utoto wangu," nikaanza, mkono kifuani, "nimesikia nchi yetu ikiniita."

"Imekupigia simu?" Bibi akauliza bila kuinua kichwa.

"Bibi, acha. Nchi yetu ikiniita nirudi kwenye asili yangu."

"Nchi yetu ipi?"

"India."

Hapo akauweka ule mti wa kusukumia. "We, nisikilize. Mimi nimezaliwa Unguja. Mama yangu kazaliwa Unguja. India nimekwenda mara moja, harusini, nikaumwa na tumbo mpaka bibi harusi akanionea huruma. Wewe umezaliwa hospitali hiyo ya hapo barabarani. Sasa utarudi vipi pahala ambapo hujatoka?"

"Ni maneno ya usaili tu, Bibi. Wanayapenda."

Bibi akazima jiko. Mwanangu, wewe unajua kwamba Bibi akizima jiko na chapati bado mbichi, jambo si dogo.

"Tulipotoka Unguja baada ya Mapinduzi," akasema, "nilikuja na saa ya mkononi aliyonipa mama yangu. Babu yako akaniambia igeuze, ifuate majira ya huku. Nikakataa. Nikasema mshale huu hauguswi. Nikawa nipo hapa, lakini nasema: sasa kule wanafunga maduka, sasa watu wametoka kupunga upepo, sasa dada yangu anapika. Watu wananisemesha, mimi simo. Basi siku moja baba yako, kadogo, kasimama hapo hapo uliposimama wewe. Akapiga hatua zake za kwanza. Mimi nimegeuza uso, naitazama saa. Nilisikia tu babu yako anapiga makofi. Nilipogeuka, mtoto keshakaa chini."

Sikuwahi kuisikia habari ile. Nadhani hata Baba hajawahi. (Sasa anaisikia, kama Bibi anasoma kwa sauti. Pole, Baba.)

"Siku ile ndiyo nikaugeuza mshale," Bibi akasema. "Mimi sikukatazi India. Nenda. Lakini nenda kama mwanafunzi. Ukiingia kwa watu unawaambia hapa ni kwetu, watakufundisha nini tena?"

Nilitakiwa kusema asante. Nikasema, "Kwa hiyo Bibi, ile saa unauza?" Akanirushia donge la unga likanipata sikioni, akawasha jiko tena.

Ikafika asubuhi yenyewe. Juu nimevaa kanzu fupi ya Kihindi iliyopigwa pasi, chini suruali ya kulalia yenye picha za pengwini, kwa kuwa kamera haishuki. Nimekaa sakafuni sebuleni. Simu inanivumia sauti ya tambura, ile ala ya nyuzi ambayo kazi yake ni kuvuma tu ili mwimbaji asipotee. Bibi yuko jikoni, amekatazwa kugusa sufuria. Baba amekaa kwenye ngazi na tai yake ya kazini, anajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vile havina kamba.

Kompyuta ikafunguka, nikawaona. Chumba chao kilijaa mwanga. Dirisha wazi, feni inazunguka, kunguru wanagombana nje. Katikati amekaa mama mmoja mzee, miwani yake imening'inia kwa uzi shingoni.

"Karibu," akasema. "Unatuimbia nini?"

Mdomo wangu ulikuwa tayari umejikunja kusema Sarang. Miezi yote ile nimeifanyia mazoezi Sarang, naweza kuiimba huku nikining'inia. Lakini macho yakaniponyoka yakaenda kwenye dirisha letu. Kioo cheusi. Taa ya barabarani. Magari yameganda barafu. Treni ya kwanza inapita na watu wawili ndani, wote wamelala. Nikajiona nilivyo, nimekaa gizani namwimbia mtu adhuhuri ambayo sinayo. Nikamkumbuka Bibi ameipa uso saa, na nyuma yake mtoto anatembea.

"Hapa kwangu bado ni giza," nikasema. "Naomba niimbe Bhairav."

Bhairav ni raga ya alfajiri. Ndiyo ya kwanza niliyofundishwa, na nilikuwa nimeitelekeza. Yule mama akavaa miwani yake, nikajua nimefanya jambo, ila sikujua kama ni zuri.

Nikaanza chini kabisa. Katika raga ile noti ya pili haisimami wima, unaiyumbisha polepole kama mtu anayeweka chini kikombe kilichojaa. Yangu ilimwagika. Sauti ikapasuka. Nikaiona kalamu ya uhasibu inanikonyeza. Nikaruka juu haraka, nikarudi, nikapumua, nikajaribu tena, na mara hii ikakaa kidogo. Ndipo jirani yetu, yule mzee wa Ireland, akaanza kugonga ukuta kwa kiatu. Du. Du. Du-du. Sikuacha. Ningeachaje, wakati alfajiri yangu yote, na jirani ndani yake, ilikuwa hapo?

Nilipomaliza, yule mama akauliza, "Huyo anayekupigia ngoma za tabla ni nani?"

"Ni jirani, mama. Anaomba ninyamaze."

Chumba kizima kikacheka. "Mwambie anashika mapigo kuliko wewe," akasema. Kisha uso wake ukatulia. "Kwa nini unataka kusomea huku?"

Hotuba yote ilikuwa kichwani, mstari kwa mstari, na mkono umeshaanza kupanda kifuani. Nikaurudisha.

"Mimi ni mtoto wa Kenton," nikasema. "Bibi yangu ni wa Zanzibar. India sijawahi kufika. Nataka kuja kwa sababu mwalimu wangu amenifikisha alipoweza, na yeye mwenyewe ananiambia kwamba nyinyi mnajua zaidi."

Kunguru wakapiga kelele. Hakuna aliyesema kwamba jibu ni zuri. Yule mama akaangalia karatasi zake.

"Ile noti ya pili uliikimbia. Uliogopa nini?"

"Ilikuwa inapasuka, mama."

"Nimesikia. Ukija, tutakaa nayo mwaka mzima."

Ukija! Nililishika neno lile kwa mikono miwili. Kompyuta ikazima, nikabaki nimekaa na pengwini wangu.

Baba alikuwa bado kwenye ngazi, na saa yake ya kutoka kwenda dukani ilikuwa imepita. Miaka yote amenipeleka Harrow na kunisubiri ndani ya gari anasoma gazeti. Hajawahi kuniuliza hata swali moja kuhusu ninachofanya mle ndani.

"Huo ulikuwa wimbo wa saa ngapi?" akauliza.

"Wa saa hii, Baba."

Akatazama dirishani. Juu ya mapaa ya ng'ambo, weusi ulikuwa umeanza kupauka. Akalegeza tai.

"Ule mwanzo wake, wa chini. Uimbe tena."

"Na jirani?"

"Jirani keshaamka."

Wamenikubali, mwanangu, lakini wameniweka kwanza kwenye mwaka wa matayarisho, na shahada itaanza baada ya hapo, kwa sababu ya ile noti ya pili na jamaa zake. Baba ametimiza ahadi yake ya kutosema neno kwa ukamilifu hata ikabidi Mama amwambie aongee. Neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza kama huko kunahitajika koti. Naondoka mitihani ikiisha.

Basi nasaha yangu ni hii. Kwenye kwaya yako usiwaulize wanapenda mtu gani. Waimbie wimbo wa saa uliyonayo, hata kama ni saa ya giza na hujaufanyia mazoezi ya kutosha. Wakikuuliza umetoka wapi, waambie Walthamstow, mjukuu wa Bibi mwenye kurusha unga. Ukipasuka, pasuka kwa sauti yako, kwa sababu mwalimu mzuri atajua aanzie wapi kukurekebisha. Sauti ya kuazima ikipasuka, hata wewe hutajua iliumwa wapi. Na mtu anayekupenda akisimama kupiga hatua nyuma yako, geuka umwone.

Mungu akupe pumzi ndefu na noti ya pili inayotulia. Akupe bibi mwenye shabaha, walimu wasiodanganyika, na baba atakayechelewa kazini kwa ajili yako. Kila alfajiri yako ikukute upo. Na jirani yako, mwanangu, Mungu amjaalie uziwi, au basi amjaalie mapigo.