Kombe nililogoma kunywa Ruangwa mpaka niambiwe limeandikwa nini

Wakuu, marahaba. Najua hamjaniamkia, ila nimevuka miaka tisini, kwa hiyo napokea tu. Mjukuu anachapa, mimi nasema. Haya yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa.

Nilizaliwa Ruponda. Nilikhitimu Kurani nikiwa mdogo, baba akachinja mbuzi, nikavishwa kanga mpya. Kusoma nilikuwa nateleza kama maji. Maana? Hakuna aliyeniuliza, nami sikuuliza.

Nikaolewa Ruangwa. Ni enzi zile Mwingereza anafyeka mapori kulima karanga, mume wangu yupo Nachingwea anang'oa visiki. Nimebaki na mama mkwe.

Mtoto wangu wa kwanza akafariki, hata kukaa hajaanza.

Niliumia, wakuu. Niliacha kula, nikaacha na kuswali. Nilijiambia Mungu amenitupa, sasa namwita wa nini?

Mama mkwe akaenda kwa mwalimu wa chuo, yaani madrasa, akarudi na kombe. Kwa msiolijua: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, unasuuza kwa maji, unakunywa. Ndiyo dawa.

Nikaitazama sahani. Wadhuha! Sura niliyoikariri tangu sijang'oa meno ya utoto.

"Mama, hapa naambiwa nini?"

"Kombe halihojiwi, mwanangu. Linanywewa."

Nikagoma. Nikajitanda kanga, nikabeba sahani kavu vilevile mpaka kwa mwalimu. Njiani watu wananishangaa, mke gani huyu anarudisha dawa!

Mwalimu hakukasirika. Akanieleza kwamba kuna wakati wahyi, yaani ujumbe wa Mungu kwa Mtume, ulikatika, Mtume akahuzunika, watu wakamsimanga kuwa Mola wake kamtupa. Ndipo sura hii ikashuka kumwambia hajatupwa wala hajachukiwa, na yajayo ni bora kuliko yaliyopita.

Nililia palepale barazani kwake, mpaka mkewe akaja kunishika. Lile lililokuwa linanila moyo lilishajibiwa zamani, na jibu nilikuwa nalo mdomoni tangu utotoni.

Nikarudi, nikamweleza mama mkwe yote. Yule mama alizika watoto kadhaa kabla ya kumpata mume wangu.

Akakaa mkekani. "Hebu rudia."

Nikarudia.

"Kila nikizika naletewa hilihili," akasema polepole. "Nakunywa, narudisha sahani. Na mie mpaka leo nilijua nimetupwa."

Sikuwahi kumwona akilia. Siku hiyo alilia, nami nikalia naye.

Tukasuuza sahani, tukanywa wote wawili, akaanza yeye. Kisha akasonga ugali, nikala.

Wakuu, sikatazi kukariri, wala kombe silidharau. Ila leo tafsiri mnayo mpaka kwenye simu, ni kugusa tu. Msisubiri msiba ndiyo mfungue.

Haya, semeni na nyie: ni aya gani uliisoma miaka yote, siku moja ukashtuka kumbe unaambiwa wewe? Andikeni hapo chini, mjukuu atanisomea moja moja.