Sura ya Tisa Haitaondolewa

Mwanafalsafa wa Ipuli amefariki. Habari zilinikuta ghalani kwangu Ng'ambo nikikagua ndoo za asali, na kwa kuwa wasomaji wangu hamjanizoea nikiremba mambo, nitasema ukweli: kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huzuni. Nilijiuliza kama kuna mtu mwingine mwenye nakala ya madaftari yake. Hakuna. Yalikuwa manane, yote kabatini kwangu.

Kwa msiomfahamu, mzee huyu alifundisha falsafa seminarini mpaka alipostaafu, kisha akakaa Ipuli na mkewe, akifuga kuku na kuandika. Vijitabu vyake kuhusu ndoa, mfungo na utii vilisomwa na mapadre na kuwaudhi vijana. Alikuwa mtu wa mambo ya zamani na hakumwomba mtu radhi. Aliandika kwamba mtu huru ni yule anayeweza kujifunga kwa neno lake na kubaki pale alipojifunga, hata neno likianza kumbana. Nakumbuka bwana harusi mmoja aliyetaka kiapo kifupishwe kwa sababu mpiga picha alikuwa na harusi nyingine Gongoni. Mzee, aliyewafundisha wachumba wale, akamuuliza mbele yetu, "Ni maneno gani hutaki kuyasema, baba? Ya raha au ya shida?" Kijana akacheka. Mzee hakucheka. Kiapo kikasemwa chote, mpiga picha akasubiri.

Mimi falsafa siijui. Niliishia darasa la saba, na leo magari yangu yanabeba asali na nta kutoka Urambo, Sikonge hadi Ulyankulu, na wenye shahada wanakuja kwangu kuomba kazi. Hayo mmeyasoma hapa mara nyingi. Kilichonifunga kwa mzee ni mnada wa mavuno. Mnajua utaratibu wetu: baada ya misa, sadaka za vitu hunadiwa nje ya kanisa, jogoo, maboga, debe la karanga, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeonekana. Mwaka ule mzee hakuleta boga. Alileta madaftari manane yaliyofungwa kwa kamba ya katani, akaomba yasiuzwe kwa fedha. Atakayeyataka aahidi kuyachapisha. Mnadi akachokoza, "Kuna tajiri hapa, au wote mmefuata maboga?" Sasa mimi nisikie hivyo nikae? Nikasimama. "Nachapisha yote! Halitapungua hata neno moja!" Vigelegele. Mzee akanijia taratibu na fimbo yake.

"Hata neno moja?"

"Hata nukta, mwalimu. Halipungui wala haliongezwi."

"Umeyasoma?"

"Nitayasoma yakishakuwa kitabu."

Watu wakacheka, nami nikacheka, nikaondoka kifua mbele.

Usiku ule nyumbani nikayafungua, kumbe sura ya tisa inanihusu. Jina langu halimo, ila Tabora nzima itanijua. Mzee anaanza na wapagazi wa zamani waliopita hapa kwetu na mizigo ya pembe kwenda pwani, na anauliza mzigo mzito vile ulifikaje begani. Anajibu kwamba kila mara alikuwepo mwenzake aliyeunyanyua na kumtwika. Halafu anamleta mfanyabiashara wa asali anayejisifu gazetini kwamba alianza na baiskeli moja aliyoinunua kwa jasho lake. Baiskeli ile, anasema, ilikuwa ya dada yake, mhudumu wa zahanati, aliyemwazima kwa msimu mmoja. Haikurudi. Dada akaenda kazini kwa miguu miaka yote iliyobaki, na mzee alikuwa jirani yake, alimwona akipita.

Ni kweli.

Nikaenda Ipuli. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba. Umefika sura ya tisa." Hakuwa anauliza. Nikamwomba aiondoe, au basi amfanye yule mtu awe muuza mbao. "Muuza mbao hakuchukua baiskeli," akasema. Nikamwambia nitamrudishia madaftari yake. "Uliahidi mbele ya kanisa, mwanangu. Mimi sina uwezo wa kukufungua." Nikakaa hivyo miaka miwili. Kila Jumapili nilisikia, "Tajiri, kitabu vipi?" nami nikajibu kipo kiwandani kinachapwa. Ikafika mahali nasali misa ya kwanza na kutokea mlango wa pembeni, mimi niliyezoea kukaa benchi la mbele.

Tulipokwisha kumzika, mjane wake alinivuta kando. "Baba, najua kuna kurasa zinakuchoma. Yeye hayupo tena. Zitoe tu, mtu akiniuliza nitasema ndivyo alivyotaka." Ndugu zangu, miaka miwili nimeililia ruhusa hiyo, na ilipokuja nilishindwa kuipokea. Mama wa watu, udongo wa kaburi la mumewe haujakauka, yuko tayari kusema uongo ili mimi niendelee kutamba. Angekuwa mwanamke wa pili kunitwika.

Jioni ile nikampigia dada yangu, ambaye sasa anaishi Urambo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mmeshazika?"

"Tumezika. Dada, kitabu chake kina habari za baiskeli."

"Anasemaje?"

Nikamsomea sura nzima. Nilitegemea alie, au anitukane, vyote ningestahili.

"Hajasema ilikuwa na kengele," akasema. "Ilikuwa na kengele nzuri, wagonjwa waliijua kabla sijafika. Hilo liongezwe."

"Siwezi, dada. Niliahidi neno halitaongezwa."

"Basi andika wewe. Si una gazeti la kujisifia?"

Madaftari yote manane yamekwenda kiwanda cha uchapaji jana, sura ya tisa ikiwemo. Nimejaribu kutafuta namna ya kujivunia hilo, sijaipata. Somo nimelipata kwa kuchelewa: kilichonibana miaka yote hii ni hadithi niliyowasimulia ninyi mimi mwenyewe, kila nilipopewa nafasi, na ahadi niliyoitoa kwa majivuno ndiyo iliyonitoa humo, nikiwa nimechubuka. Baiskeli sikuinunua. Ilikuwa ya dada yangu, na ilikuwa na kengele.