Mpaka Pale Kengele Inaposikika

Ngaa! Ngaa! Ngaa! Hivyo ndivyo kilivyolia kile kipande cha reli kilichotundikwa kwa waya kwenye nguzo ya gare, stesheni ya treni ya Likasi. Haikuwa sauti nzuri. Ilikuwa kavu, ikiingia moja kwa moja kwenye meno. Saa sita mchana mfanyakazi wa gare alikigonga mara moja tu, ili watu wajue jua limefika katikati. Treni ilipokaribia alikigonga bila kuacha, mpaka mkono wake uchoke. Mpaka leo, fundi akipiga chuma mahali, miguu yangu inataka kukimbia kabla sijajua nakimbilia wapi.

Wakati ule kitu ambacho hakikutuishia kilikuwa kimoja: muda. Baba yangu aliambiwa akae nyumbani mpaka kiwanda kimwite, na kiwanda hakikumwita. Walimu walichoka kufundisha bure, shule ikafungwa, na masomo yangu yakaishia pale pale, secondaire ya pili. Mama aliuza vitu vidogo vidogo kule mtaa wa Kikula. Mimi nilikuwa msichana wa kucheka tu, mwenye ndoto nyingi na kazi chache. Nilipenda kwenda kuona mahali. Popote. Hata shimo.

Mwenzangu wa kutembea alikuwa rafiki yangu wa mlango wa pili kutoka kwetu. Tulizaliwa maternité moja, yeye akinitangulia kwa wiki. Lakini jamaa yake walikuwa na asili ya jimbo la Kasai, na miaka ile watu wa Kasai waliambiwa warudi kwao. Maneno yale yalikuja barabarani, yakaingia mitaani, na asubuhi moja yakakutwa yameandikwa kwa makaa kwenye ukuta wa nyumba yao. Rafiki yangu hakujua kwao kwingine zaidi ya ukuta ule. Sisi, baba mtu wa Luapula na mama mtu wa Kongolo, hakuna aliyetuandikia kitu. Sikujua nifanye nini na bahati ya namna ile, basi nikawasaidia kubeba masufuria mpaka gare.

Waliishi pale, pamoja na mamia ya wengine, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Papa yake alipata nafasi kwenye ukuta wa ghala, akafunga turubai la kamyo, yaani lori. Chini yake walilala yeye, mama, watoto wawili wadogo, rafiki yangu, na bibi yake ambaye sote tulimwita kaku. Treni haikuwa na siku wala saa. Ingeweza kuja kesho, ingeweza kuja baada ya mwezi. Aliyekosekana iliposimama alibaki.

Kaku ndiye aliyeanza kutusukuma. Miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza kwenda mbali zaidi ya nguzo ya kengele, na kukaa kulimchosha kuliko kutembea.

"Nyinyi batoto muko na miguu, munaiweka hapa sawa mizigo," alituambia. "Muende muone mahali, murudi muniambie. Minye nitatembea na masikio."

Papa ya rafiki yangu alikubali, lakini alitupa sheria moja.

"Mutembee. Lakini musipite pale kengele inaisha. Ikilia bila kuacha, mukimbie. Sitaki kupandisha batu banne na kuacha mumoja."

Ndivyo tulivyoanza kupima nchi kwa masikio. Tulikwenda mahali, tukangoja saa sita. Ngaa, moja. Tukiisikia, mahali pale ni petu. Tusipoisikia, tunarudi hatua kwa hatua na kuweka jiwe: mwisho. Tulikiona kilima cha pilone, ile nguzo ndefu ya nyaya za umeme, ambapo upepo ukitoka upande wa gare kengele inasikika mpaka juu kabisa. Tuliona shimo la zamani la mine, walipochimba madini, lenye maji ya kijani kibichi ambayo hata mbwa hanywi. Tuliona piscine, bwawa la kuogelea la wazungu waliokwisha kuondoka.

"Batouriste barudia!" kaku alipiga makofi kila tuliporudi. "Mulete habari."

"Kaku, ile piscine haina tena maji ya kuogea," nilisema. "Iko tu maji ya mvua na bachula."

"Bachula banaoga mu piscine ya bazungu?"

"Banaruka na pale pa kurukia, kaku."

Alicheka mpaka akajishika mbavu, na watu wa turubai la jirani wakauliza kuna nini, naye akawasimulia kana kwamba aliona mwenyewe. Ilipofika kwa mtu wa tatu, wale vyura walikuwa wamevaa kofia.

Kitu kimoja hasa ndicho alichotaka kujua. Marehemu mume wake alifanya kazi Mwadingusha, kwenye baraji, ule ukuta wa kuzuia maji, na mara nyingi alimsimulia lile ziwa lililotokea walipoufunga mto Lufira. Alimwahidi kumpeleka akalione.

"Kila siku alisema kesho," kaku alituambia. "Akakufa na ile kesho yake. Minye ninauliza tu kitu kimoja. Mutu akisimama pale kwa maji, ng'ambo inaonekana, ao maji inafika mpaka kwa mbingu?"

Hatukujua. Ziwa lilikuwa mbali, upande wa Kapolowe, mbali kabisa na masikio ya kengele yetu.

Mimi ndiye niliyepata akili ya kwenda. Naandika hivyo bila kujisifu, maana natamani mwingine angeipata.

"Weye, sikiliza," nilimwambia rafiki yangu. "Treni inatoka Lubumbashi, ao haitoki Lubumbashi?"

"Inatoka."

"Inapita Kapolowe mbele ya kufika hapa?"

"Inapita."

"Basi tukiwa Kapolowe, tutaiona mbele ya papa yako kuiona. Kule nako kuko gare, kuko kengele. Ikilia tunapanda kule kule. Tutafika hapa tukikaa kwa dirisha, tukipungia batu mukono sawa bibi ya président."

Alicheka, na akicheka ujue amekubali. Tulimwambia kaku peke yake. Alitikisa kichwa mara mbili, mara ya kwanza kukataa.

"Muende mbio," alisema. "Papa akiuliza, nitasema muko Kikula."

Jirani yetu mmoja aliendesha kamyo ya kuchukua mahindi kule misheni ya Kapolowe. Alikuwa akiondoka alfajiri kamyo ikiwa tupu, akirudi kabla jua halijazama. Tulikaa nyuma juu ya magunia matupu, upepo ukitufunga midomo. Sikumbuki furaha nyingine kama ile, na ndiyo inayoniumiza: furaha ilikuwa ya kweli.

Ziwa lilikuwa kubwa kuliko nilivyokuwa nimeota. Mitumbwi ilikwenda polepole kana kwamba haina shida na mtu. Wanawake walianika samaki juu ya matete, na mmoja wao akatupatia wawili wa kuoka, kwa kuwa tulimsaidia kufukuza ndege. Tulikula mpaka mifupa. Kisha tukasimama ukingoni kufanya kazi tuliyotumwa.

"Inaonekana," rafiki yangu alisema. "Ona ule mustari mweusi. Njo ng'ambo."

"Ile ni mawingu."

"Mawingu inakaa chini vile?"

"Ya huku inakaa."

Tulibishana mpaka dereva akapiga honi. Tukajaza maji chupa ya bia tuliyoiokota, tukaiziba kwa gunzi, ili kaku ayashike mwenyewe na aamue.

Wakati wa kurudi dereva alisimama Kapolowe gare kuongeza maji kwenye injini. Nilishuka kwenda kuuliza. Mtu wa gare alikuwa anamenya karanga chini ya kengele yake, kipande cha reli kama chetu.

"Treni gani, mama? Hakuna kitu kilipita hapa tangu juzi."

Nilirudi kwenye kamyo nikicheza. "Umeona?" nilimwambia rafiki yangu. "Nilikuambia!" Tuliimba njia nzima.

Kilichotupokea Likasi ni ukimya. Ile gare ambayo kila jioni ilijaa moshi wa vyakula na vilio vya watoto ilikuwa imekaa wazi. Turubai nyingi hazikuwepo. Kulikuwa na kandambili ya mguu mmoja, beseni lililopasuka, mahindi yaliyomwagika kati ya mataruma ya reli. Mama mmoja aliyebaki na mizigo yake alituona akatushika vichwa kwa mikono miwili.

"Mulikuwa wapi, batoto ba Mungu? Treni ilikuja na upande wa Tenke! Bagoni tupu, ya kuchukua batu. Iligeuka hapa hapa. Kengele ililia mpaka ule baba akabadilisha mukono!"

Upande wa Tenke, upande wa Kasai. Sikuwahi kufikiri kwamba reli ina pande mbili.

Papa ya rafiki yangu alikuwa amekaa juu ya kinu kilichogeuzwa, mbele ya ukuta wake. Hapakuwa na mtu mwingine. Nilingoja atupige. Ningependa atupige.

"Niliingiza mama yako kwa dirisha," alimwambia binti yake. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayehesabu vyombo. "Kisha bale badogo. Kisha kaku. Batu banne balimusukuma, alikuwa nzito. Nilibaambia bashuke, tungoje wote ingine. Mama yako akasema kaku akishuka hatapanda tena. Njo vile. Nikabakia kukungoja."

Rafiki yangu alikuwa amekumbatia ile chupa.

"Papa, kosa ni yangu," nikasema. "Minye njo nilifikiri."

Alinitazama bila hasira. "Sasa nitafanya nini na kosa yako, mutoto wangu? Ikae kwako."

Akasema tena, akitazama reli. "Kaku alinishika shati kwa dirisha. Akasema nisibapige, ni yeye alibatuma. Akasema niulize, ile ng'ambo inaonekana? Jibu yake tutamupelekea."

Mimi, ambaye mama aliniita redio isiyo na kifungo, nilianza kuokota yale mahindi kati ya mataruma.

Baada ya siku ile hatukutembea tena. Kila mchana niliwapelekea bukari na sombe, ugali wetu na majani ya muhogo, tukala chini ya turubai lililokuwa pana mno kwa watu wawili. Rafiki yangu hakunichukia. Hilo nililiona gumu kuliko kuchukiwa. Kengele ya saa sita ilipolia, ile moja tu, sote wawili tuliruka, tukatazamana, tukakaa.

Treni ya pili ilikuja wiki kadhaa baadaye, asubuhi, ikitoka Lubumbashi kupitia Kapolowe, kama nilivyosema. Ngaa ngaa ngaa ngaa. Nilikimbia kutoka nyumbani bila viatu. Watu walikuwa wanapanda kwa milango, kwa madirisha, juu ya mabehewa. Papa ya rafiki yangu alikuwa tayari ndani, akimvuta kwa mkono mmoja. Yeye alikuwa na ile chupa kwapani na hakuweza kupanda.

"Nishikie kidogo!" alinipa. Nikashika. Akaweka mguu ukutani mwa behewa, akavutwa, akaingia kichwa kwanza, sandali zikabaki zinaning'inia. Nilipoinua chupa kumrudishia, treni ilikuwa inakwenda. Mkono wake ulitoka dirishani, vidole vimefunguka. Nilikimbia. Siku zote nilikuwa na mbio kuliko yeye, lakini treni ina miguu mingine.

"Nitamuambia inaonekana!" alipiga kelele.

"Muambie!" nikajibu. "Muambie inaonekana!"

Nami kule ziwani nilikuwa nimeona mawingu tu.

Hatukupata habari zao. Wachuuzi waliotoka upande ule walisema wazee wengi hawakuvumilia njia, wengine wakasema jamaa nyingi zilikutana vizuri, na kila aliyesema hakuwa amemwona kaku wala kumjua. Niliwauliza wote. Nilieleza miguu iliyovimba, kicheko, kitambaa cha bluu kichwani. Walinihurumia, wakaendelea kupanga bidhaa zao.

Chupa ilikaa kwenye dirisha letu, na tope la ziwa likashuka chini, maji yakawa safi juu. Mama alinivumilia kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, kwa upole, kwamba amepata mafuta ya mawese na hana cha kuyawekea.

Nilikwenda gare peke yangu, saa ambayo hakuna treni. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha. Pale ukutani, ambapo moshi wa jiko la kaku ulikuwa umeacha alama nyeusi, ulikuwa umeota mche wa boga kutoka kwenye mbegu za chakula cha waliongoja, majani matatu tu, umeanza kupanda matofali. Nilitoa gunzi. Nilimwaga maji polepole kwenye mizizi, nikatikisa chupa mpaka tope la mwisho litoke, nikaifuta kwa sketi yangu, nikairudisha nyumbani kwa mama.