Karia ya Laini

Mwezi uliopita nilikuwa Sotik, nimejibanza kando ya barabara nikingoja mvua ipungue, nikamsikia mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi akimuuliza kijana wa bodaboda, "Sasa na huu mzigo wote, mimi nikarie wapi?" Kijana akamwonyesha. Mimi nikaangua kicheko peke yangu, mtu mzima na miwani yangu, mpaka muuza simu akachungulia dirishani kuona kama niko sawa. Nilikuwa sawa kabisa. Ni lile neno tu. Na hicho chumba anachouzia simu, kama hukujua, ndicho kilikuwa duka la fundi wa baiskeli, na ni neno hilo hilo lililotutia taabani mle ndani, mimi na nyanya yangu, miaka ya sitini ikielekea kwisha.

Ngoja nikueleze vizuri, maana ukinipotea hapa utanipotea kote. Sisi ni watu wa Kisii. Baba alikuja huku kufanya kazi katika kiwanda cha chai, tukakaa kwenye nyumba za wafanyakazi, zile zilizopangwa mistari mistari ambazo kila mtu aliziita laini. Majirani zetu walikuwa Wakipsigis. Tulizungumza nao Kiswahili, lakini kila mmoja alikizungumza na herufi moja ameiacha nyumbani. Wao walisema "paiskeli" na wakaenda kwa "taktari". Wazee wa kwetu hawakuwa na L. Kulala kwao kulikuwa kurara, laini ikawa raini, iwe ni zile nyumba au ni kitu chororo kama pamba, na mgeni akiingia aliambiwa akarie kiti. Tulichekana mchana kutwa na hakuna aliyenuna.

Jamani, duka lile! Kabla hujafika mlangoni harufu ya mpira mpya na gundi ya kuzibia panchari ilikuwa imeshakupokea. Ndani kulikuwa na beseni la maji meusi ambamo fundi alizamisha tyubu akitafuta mapovu, na wateja wote waliinama pamoja naye, na povu la kwanza likichomoza wote walipiga kelele, "Hiyo hapo! Shika!" Huko kwenu leo unaacha kitu kwa fundi unaenda zako. Pale hakuna aliyeenda zake. Kulikuwa na benchi refu ukutani, na ukishaleta baiskeli yako unaketi hapo unatoa maoni juu ya baiskeli za wenzako. Mzee wa maziwa, Mkipsigis aliyepeleka mikebe yake mjini kila asubuhi, alikuwa na nafasi yake karibu na mlango. Mama wa ndizi, aliyetoka upande wa kwetu Kisii, hakuwa hata na baiskeli. Alikuja kwa ajili ya maneno tu, na hakuna aliyemwuliza.

Na fundi alikuwa na sheria moja. Baiskeli haitoki dukani bila kuzungushwa. Mbele ya duka kulikuwa na mkaratusi mmoja mkubwa, na kila mteja, hata akiwa karani, hata akiwa mhubiri, lazima apande baiskeli yake auzunguke ule mti mara tatu huku benchi lote limetoka nje kutazama. Kitu kikilia kwi! inarudi ndani. Ikinyamaza, watu wanapiga makofi na mteja anaondoka amevimba kifua. Mimi nilikuwa nikipita pale nikitoka shule, nachelewa nyumbani kwa makusudi, na kiboko cha mama nilikihesabu kuwa halali.

Sasa, nyanya. Nyonga yake moja ilikuwa imekataa kazi, akawa anatembea kwa fimbo, polepole, na kupumzika kila baada ya hatua chache. Alikuwa na dada yake mmoja tu aliyebaki duniani, ambaye tulimwita Nyanya wa Keroka kwa sababu aliishi huko, maili kumi na mbili au zaidi kutoka kwetu. Walikuwa hawajaonana tangu nyonga iharibike. Basi lilikuwako, lakini basi humwacha mtu barabarani, na kutoka barabarani mpaka kwa dada yake kulikuwa na kijia cha mteremko kisichoisha. Halafu siku moja mama wa ndizi akatuletea ujumbe wake: "Mwambie dada yangu macho yananiacha. Aje niuone uso wake kabla sijabaki gizani."

Nyanya hakula siku hiyo. Alikaa mlangoni amegeukia upande wa Keroka, na sisi watoto tulipita tukinyata.

Baba alikuwa na baiskeli nyeusi, nzito, ambayo nyuma ilikuwa tupu kwa sababu karia yake, kile chuma cha kufungia mizigo, ilivunjika akibeba kuni. Akasema, "Mama, Jumapili nitakupakia mwenyewe kama bibi harusi. Nenda fundi akutengenezee kiti cha nyuma." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiwe mwenye Kiswahili cha shule. Hakikisha fundi ameelewa." Nilikuwa darasa la tano. Kichwa kilinivimba, rafiki yangu, nikaona sasa mimi ni mtu wa serikali.

Tulikwenda Jumanne, nikiisukuma ile baiskeli na nyanya akija nyuma na fimbo yake. Fundi alisimama kumpokea. "Chamgei, gogo!" Siku za kwanza nyanya alikuwa akiudhika sana na hilo jina, akiniuliza huyu mtu ananiitaje gogo, mimi ni kuni? Mpaka akaelezwa kwamba kwa Kikipsigis gogo ni nyanya, tena ni heshima. Siku hiyo aliitikia vizuri, akajisawazisha kwenye fimbo, akaagiza kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila kuningoja mimi.

"Fundi, mimi nataka ya kukaria. Na iwe raini. Na iwe na nguvu."

"Karia," fundi akasema. "Ya laini. Ya nguvu. Nimesikia, gogo." Akanitazama. "Si ni hivyo, mtoto?"

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenye kengele! Alikuwa ameleta kengele mpya, zinang'aa, zimepangwa kwenye ubao, na nilikuwa nimezibonyeza tatu na naitafuta ya nne. Sikusikia hata nusu ya neno. Nikasema, "Ndiyo!" kwa sauti kubwa, kama ninajibu jina langu darasani.

Jumamosi mchana Baba alipotoka kazini tulikwenda wote watatu kuichukua. Ndani mlikuwa mmejaa watu wa siku ya mwisho wa juma. Fundi akaitoa baiskeli mwenyewe, ameipangusa mpaka inameta, akaigeuza tuione nyuma. Nyuma palikuwa na kitu! Nondo tupu, zimekunjwa kwa moto na kufungwa kwa bolti, ndefu na pana kiasi cha mtu kuweza kujinyoosha na kupata usingizi. Akaipiga kofi. "Karia ya laini, gogo! Ile wanapepea posho ya watu wa laini. Magunia mawili, na haitikisiki!" Kubebea kwake kulikuwa kupepea.

Nyanya aliitazama. Aliigusa kwa ncha ya fimbo, ikalia ngi, chuma kitupu. Akaniuliza kwa Kikisii, taratibu, "Hapo ndipo nitaweka mifupa yangu?"

Hapo nikaelewa. Baba aliponiuliza, "Wewe uliambiwa ufanye nini?" nilianza kulia mbele ya watu wote. Ikabidi mama wa ndizi ndiye amweleze fundi: huyu mama alitaka kiti. Cha kukalia. Kilicho laini.

Fundi akavua kofia yake. "Ala! Gogo, nisamehe," akasema. "Nilisikia raini, nikajiambia, hawa watu wa Kisii hawana L, huyu anataka ya laini. Hiyo niligeuza. Sasa ile nyingine..." akajikuna kichwa, "ile nyingine nikasahau kugeuza."

Benchi lote lilipasuka kwa kicheko! Mzee wa maziwa alicheka mpaka akashika ukuta. Hata Baba, aliyekuwa ameiva kwa hasira, midomo ilianza kumcheza. Lakini nyanya hakucheka. "Dada yangu," akasema, na mama wa ndizi akawatafsiria, "hawezi kungoja mpaka ninyi mfundishane herufi. Safari ni kesho."

Hapo, rafiki yangu, ndipo nilipojua watu wa benchi lile walikuwa watu gani. Mama wa ndizi aliinuka, akaenda kwenye mizigo yake, akarudi na kumbatio la majani makavu ya mgomba ambayo alitandikia ndizi zisichubuke. Mzee wa maziwa akavua gunia alilokuwa amejifunika mvua. Wakayajaza majani ndani ya gunia, wakagombana ni wapi paongezwe, mtu mwingine akatoa sweta lake kuukuu, na fundi akakata tyubu zilizokufa vipande virefu akaufunga mto ule juu ya nondo, anavuta kwa meno, huku akirudia, "Raini, gogo, raini kapisa!" Kwa L yake aliyoitupa kwa heshima. Hapo ndipo nyanya alipocheka, na machozi yangu yakakauka papo hapo.

Lakini sheria ni sheria. Lazima izungushwe. Baba alipanda, nyanya akainuliwa na watu wanne akaketi upande, fimbo mkononi, na duka lote likatoka nje. Mzunguko wa kwanza alikuwa amefumba macho. Wa pili akayafumbua. Wa tatu alikuwa ameinua ile fimbo juu, na mama wa ndizi anapiga vigelegele mpaka watu wa duka la mkate wakatoka kuuliza ni harusi ya nani! Haikulia hata kidogo. Halafu nyanya akamwambia Baba asimame, akanitafuta kwa macho katika lile kundi. "Wewe wa ndiyo. Nafasi imebaki. Njoo ukarie hapa."

Kumbe makosa yangu ndiyo yaliyonipa safari! Kile kiti walichokusudia kingembeba mmoja tu.

Jumapili tuliondoka ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tena, na nimepanda ndege. Chai kijani pande zote mbili, nyanya anaimba nyimbo za kanisani akiruka beti, mimi nimemshika kiuno, na kila mteremko Baba anapaza sauti, "Shikeni!" na upepo unatujaa mdomoni. Kwenye milima nilishuka nikasukuma. Nyanya hakushuka hata mara moja. Alikaa juu akisalimia watu kwa niaba yetu.

Nyanya wa Keroka alitusikia kabla ya kutuona. Alitoka akipapasa mwimo wa mlango. Alimshika dada yake uso kwa mikono miwili, akamgeuza kuelekea jua, akamtazama kwa karibu sana, muda mrefu, mpaka mimi nikaona haya nikaangalia kuku. Kisha akasema, "Umezeeka vibaya." Nyanya akamjibu, "Na wewe ni nani aliyekudanganya kwamba unapendeza?" Wakashikana wakalia kwa sauti.

Tulipomaliza kula nyanya alitangaza kwamba hamwachi dada yake peke yake na hayo macho. Hakuomba. Alitangaza. Baba akaitazama ile karia. Magunia mawili. Akanitazama mimi. Nami safari hii, masikio yangu yote yakiwa mahali pake, nikasema, "Ndiyo."

Basi walirudi wawili, wamepakiwa wakiegemeana migongo, wakizozana njia nzima juu ya nani aliyepewa upande wenye mandhari nzuri. Baba aliendesha mteremko na kusukuma mlima. Nilitembea nyuma yao maili zote kumi na mbili, mvua ikatukuta na ikatuacha, kisigino kikachubuka, na sikutaka tufike.

Macho ya Nyanya wa Keroka yalizima kabla ya mahindi ya mwaka ule kuvunwa. Aliishi nasi miaka mingi baada ya hapo, na alipenda kuwaambia wageni, "Uso wa mwisho niliouona vizuri ni wa dada yangu, na ulikuwa umenuna."

Wote wamelala sasa. Fundi naye, nasikia alirudi kwao kuzeeka, na benchi sijui nani aliligeuza kuni. Baiskeli iliuzwa kipande kipande. Karia imebaki, kwa sababu hakuna aliyeweza kuivunja. Iko nyuma ya jikoni kwa mama, tunaanikia vyombo. Niliporudi kutoka Sotik siku ile ya mvua nilimkuta mjukuu wangu amesimama juu yake, akaniuliza hicho chuma kilikuwa cha nini.

"Cha kukaria," nikamwambia.

Akacheka. "Kukalia, nyanya. Watu wangapi?"

"Wawili," nikasema. "Wa tatu anatembea nyuma."