Msiba Nilioutangaza Kwenye Komenti

Nimekosa. Naanza hapo kwa sababu mimi ni mtu wa kubishana, na nikianza mahali pengine nitajikuta najitetea hadi mwisho wa ukurasa.

Jina langu sitalitaja. Musoma si mji mkubwa, wanaonijua watanijua tu. Niliyemkosea nitamwita Nyamisi, na hilo si jina lake.

Nina shahada. Baada ya chuo nilirudi kwa mama, mtaa wa Kamunyonge, na sasa nasaidia kwenye duka la steshenari, nachapa barua za watu na kutoa kopi za vyeti vyao. Muda unaobaki niko kwenye simu. Chuoni nilijifunza kuuliza, "Ushahidi uko wapi?" na nikaondoka na swali hilo kama wenzangu walivyoondoka na wachumba.

Mtandaoni nilikuwa nawafuata watu wengi. Usidhani niliwafuata kwa kuwapenda. Nilikuwa nawavizia. Mtu akiposti, mimi natafuta pale alipoongeza chumvi. Kijana mmoja wa hapa mjini alipiga picha katikati ya pamba huko Bunda, akaandika kwamba kilimo kinalipa na hilo ndilo shamba lake. Nikamwandikia palepale chini, "Mwambie mjomba wako akuazime na trekta basi." Watu walicheka siku nzima. Yule kijana hajaposti kitu tena hadi leo.

Nyamisi aliiona ile komenti. Tulisoma naye sekondari, na siku hizi ni fundi cherehani hapahapa Kamunyonge. Ukurasa wake unafuatwa na watu wengi sana kwa sababu ya magauni ya vitenge anayoshona. Aliniandikia pembeni, inboksi, akaniuliza kama nikienda kwa mtu huwa napiga hodi au nasukuma tu mlango. Nikamjibu kwamba mtandao hauna mlango. Nilijiona nimemshinda!

Na kuna jambo jingine lazima niliseme, kwa sababu ndilo linalonichoma zaidi. Siku moja niliposti picha ya kitambulisho changu kipya kwa furaha, namba zote zinaonekana. Nyamisi hakuandika neno pale chini. Alinipigia simu. "Toa hiyo picha haraka kabla watu hawajaiona," akasema, halafu akakata. Wala hakuwahi kunikumbusha.

Sasa sikia nilichomfanyia mimi.

Mama yake Nyamisi alikuwa akiishi kijijini, Butiama. Alifariki asubuhi moja, baada ya kuumwa kwa muda mfupi. Siku hiyo Nyamisi alikuwa Mwanza, alikoenda kuchukua vitenge. Habari nilizipata kwa mama yangu, ambaye alikuwa akijifunga khanga ili aondoke na kina mama wenzake wa jumuiya kwenda msibani. Akanieleza jinsi familia ilivyopanga. Nyamisi ameambiwa mama amezidiwa, aje. Yuko kwenye basi. Kaka yake, ambaye nitamwita Magesa, anamsubiri stendi ya Bunda. Akishuka atapelekwa kwanza kwa shangazi yao palepale Bunda, akalishwe kitu, ndipo aambiwe akiwa ameshikwa. Kisha wataondoka wote kwa gari kwenda Butiama.

"Kwa hiyo mnamdanganya," nikasema.

"Tunamsubiri afike," mama akajibu. "Na wewe usiseme kitu. Nakujua ulivyo."

Alivyoondoka nikabaki nimekasirika. Nikwambie ukweli, hasira ile ilikuwa ya zamani. Baba yangu alipofariki nilikuwa chuo. Niliambiwa baba anaumwa, njoo mara moja. Nikasafiri kutwa nzima nikila chipsi na kutaniana na jirani wa kiti, nikafika nikakuta turubai uwani na watu wamekaa kimya. Nilijiona mjinga. Ninacheka njiani huku kila mtu anajua isipokuwa mimi! Tangu siku hiyo niliapa kwamba desturi hii ya kumficha mtu mzima msiba wake mwenyewe ni dharau tu iliyovalishwa nguo za huruma.

Nikafungua simu. Nyamisi alikuwa ameposti picha akiwa stendi Mwanza. Amevaa gauni la kitenge cha njano, mkononi ameshika kifurushi. Aliandika kwamba anakwenda nyumbani kumuona mama, mama anaumwa, amemchukulia kitenge kipya, tumuombee.

Chini watu wamejaa. "Mungu amponye mama." "Safari njema, dada." Na wengine nilikuwa nawajua, ni watu wa kwetu, wanajua kabisa kilichotokea. Mmoja wao mama yangu alikuwa naye kwenye gari moja la kwenda msibani! Anaandika safari njema.

Nikaona unafiki mtupu. Nikaandika hivi:

"Nyamisi, mama amefariki tangu asubuhi. Wote wanaokwambia anaumwa wanakudanganya. Wewe ni mtu mzima, una haki ya kujua ukweli."

Nikabonyeza.

Jamani, nakumbuka hata kidole kilichobonyeza.

Majibu yalianza kuingia papo hapo. Watu wasiomjua Nyamisi, wanaofuata magauni tu, waliandika pole kwa herufi kubwa. Wengine walinitukana. Mmoja wa Dar akaniuliza, "Ushahidi uko wapi?" Swali langu mwenyewe! Na mimi nikamjibu. Nikamweleza natoka kwao, mama yangu yuko msibani. Mwingine akasema ningesubiri, nikamwandikia aya nzima juu ya haki ya mtu kupata habari. Watu wakailaiki. Komenti yangu ikapanda ikakaa juu kabisa, ya kwanza chini ya picha yake. Nikaenda kuchemsha chai nikiwa najisikia vizuri.

Nirudie hilo, kwa kuwa ungamo bila hilo litakuwa uongo. Nilijisikia vizuri.

Haikupita hata mara moja kichwani mwangu kwamba wakati nikibishana na mtu wa Dar, Nyamisi alikuwa kwenye kiti cha basi, katikati ya watu asiowajua, anasoma.

Yaliyompata nilikuja kuyajua baadaye. Aliisoma kabla hajafika Bunda. Akampigia mama yake simu, haikupokelewa. Akapiga kwa majirani, haikupokelewa, maana watu walikuwa kwenye kilio. Akampigia Magesa, na Magesa, badala ya kumjibu, akamuuliza nani kamwambia. Hapo akajua ni kweli. Akasimama ndani ya basi akataka kushuka. Kondakta alimsihi akae, Bunda si mbali. Hakusikia. Walimshusha kandokando ya barabara, basi likaondoka na mizigo yake yote. Kile kifurushi cha mama kilikuwa juu, kwenye rafu. Kisha simu ikaisha chaji, kwa sababu ilikuwa haitulii, watu wanampa pole.

Magesa alisimama stendi ya Bunda. Basi likaja, likashusha watu, Nyamisi hayumo.

Fikiria mtu amefiwa na mama asubuhi, mchana hajui dada yake yuko wapi. Walikodi pikipiki, wakarudi nyuma na barabara wakiulizia. Kule Butiama wazee wakasimamisha kila kitu. Kilio cha mama kikachanganyika na hofu ya mtoto. Mama yangu alikuwa pale, aliona. Mtu fulani akamwonyesha kwenye simu komenti ile, akasoma jina la aliyeandika.

Jua lilikuwa linashuka walipompata Nyamisi. Alikuwa kwenye uwanja wa familia moja ya wakulima. Mama wa pale alimwona kando ya barabara akiwa peke yake, akaacha pamba aliyokuwa akiichambua, akamshika mkono akamwingiza kwake. Alikuwa amekaa naye muda wote huo, hawajuani hata majina.

Mama aliporudi nyumbani hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alivua viatu mlangoni, akakaa, akaniangalia kama anaangalia mgeni asiyemjua.

"Wewe hukuwaga hivi," akasema. "Nilikusomesha ili uje uwazikie watu mama zao kwenye simu?"

Nikaanza kumweleza habari ya ukweli na uongo, na yale ya baba. Akaninyamazisha kwa mkono. Akaniuliza kama nakumbuka siku ya msiba wa baba nilifikaje nyumbani kutoka stendi. Nikasema sikumbuki. Akanikumbusha. Mjomba alikuja kunipokea, akanibebea begi, akanishika mkono njia nzima kama mtoto, na pale getini nilipoona turubai nikaanza kuanguka, yeye ndiye aliyenidaka.

Nilikuwa nimeyasahau hayo yote. Kwa miaka yote nilikuwa nimebaki na chipsi tu.

Nilienda kwenye mazishi. Watu walinisalimia, hakuna aliyenifukuza, lakini kila benchi nililokaa liliachiwa nafasi. Nilimfuata Magesa nikamwomba msamaha, na hata pale, Mungu anisamehe, bado nikaongezea kwamba nilidhani si vizuri kumficha.

Magesa hakupandisha sauti. "Hatukumficha," akasema. "Tulikuwa tunampelekea. Wewe ukamrushia."

Akaenda kupokea wageni.

Ile komenti nilishaifuta siku ileile, lakini kufuta kwangu kulisaidia nini? Watu walikuwa wamepiga picha skrini, wakazirusha kwenye magrupu. Zimo humo mpaka leo, jina langu na la Nyamisi pamoja.

Nyamisi hakuniblokia. Hilo lilinitesa kuliko kublokiwa. Alipomaliza msiba na kurudi Kamunyonge, nikajikaza nikaenda kwenye kibanda chake cha ushonaji. Nilipiga hodi. Akaniambia karibu. Hakuacha kushona.

Nikasema yote niliyoyapanga. Akasikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akainua mguu kwenye cherehani.

"Namba yangu si unayo?" akauliza.

Nikasema ninayo.

"Siku zote ulikuwa nayo?"

Nikasema ndiyo.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa anahakikisha kipimo alichokwisha kukipima. Akaniambia ile picha ya stendi ameifuta. Alikuwa anaipenda, kwa sababu ndiyo picha ya mwisho aliyopiga akiwa bado ana mama. Ila kila akiiangalia anasoma maneno yangu chini yake, hata kama hayapo. Kitenge alikipata, watu wa basi walikirudisha. Hajakikata bado.

"Nenda, kaka," akasema. "Nina kazi ya mtu."

Aliniita kaka. Sijui kama ilikuwa msamaha au adabu yake tu. Nimejiuliza mara nyingi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu naogopa kudai ushahidi.

Tangu hapo najihoji mimi mwenyewe kama nilivyokuwa nawahoji wengine. Kama shida yangu ilikuwa kwamba Nyamisi ajue ukweli, kwa nini sikumpigia? Ningeweza kumwambia, "Nyamisi, una mtu karibu? Kaa chini." Ningeweza hata kukaa naye kwenye simu hadi Bunda. Angelia, lakini angelia akiwa na sauti ya mtu sikioni. Jibu ninalo, na si zuri. Ningepiga simu, nani mwingine angejua kwamba mimi ndiye msema kweli? Hakuna laiki kwenye simu ya watu wawili. Haki ya Nyamisi niliifanya jukwaa, nikapanda juu yake.

Bado sina hakika kwamba ni sawa kumficha mtu mzima msiba wake. Siwezi kujifanya nimebadilika kila mahali. Labda siku moja nitakaa na watu wa kwetu tulijadili, uso kwa uso, bila mtu kuwa kwenye basi. Lakini najua kwamba habari ya msiba wa Nyamisi haikuwa yangu. Nilimkuta njiani aliyeibeba, nikampokonya, nikaitupa.

Siku hizi namfuata bado. Juzi aliposti gauni la kwanza tangu msiba. Mkono mmoja wa gauni ulionekana umepinda kidogo kwenye picha, nikaanza kuandika. Nikafuta. Nikaweka simu kifudifudi mezani.

Wewe unayesoma hapa, labda nawe ni hodari wa kusahihisha watu. Labda una hoja nzuri kuliko zangu. Mtu unayemfuata amekufungulia dirisha uone kidogo cha kwake, hajakukabidhi nyumba. Kabla hujamwandikia neno zito mbele ya umati, jiulize kama una namba yake. Kama huna, huenda habari hiyo haikuhusu. Kama unayo, piga.

Mimi nilikuwa nayo.