Mkono wa Mama Mkwe

Mwaka 1954 Rahabu alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja ya unesi katika hospitali ya misheni, milimani juu ya Soni, na alikuwa amechoka. Wala si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Masika yale kuni zilifika jikoni zikichuruzika maji, na sufuria la sindano lilikula asubuhi nzima kabla ya kuchemka. Na likikaribia kuchemka, hakosekani mtu wa kuja kuomba maji ya uji.

Lakini kuni hazikumchosha kama mikono ya watu. Huku milimani salamu haina haraka: mtu hukupa mkono, akauliza habari za nyumbani, za shamba, za mbuzi, na mkono wako bado anao. Kwa mkubwa unapiga goti, unaupokea kwa mikono miwili. Sasa nesi aliyekwisha nawa kwa sabuni na dawa mpaka viwikoni afanyeje? Wenzake wengi walipokea, kisha wakajifuta kwenye aproni. Walichofundishwa walikijua vizuri. Waliona haya tu.

Rahabu naye alikuwa hivyo hivyo, hadi siku ya Mwanaidi. Ameshanawa, anaingia kumzalisha, Mzee Mbaraka, baba mkwe wa Mwanaidi, akamnyooshea mkono mlangoni. Akaupokea. Akaona aibu kurudi kwenye beseni mbele ya mzee wa watu, akaingia vivyo hivyo. Siku ya tatu Mwanaidi alishikwa na homa ya uzazi. Ya sita akazikwa. Kama ulikuwa mkono ule au siyo, hakuna ajuaye. Rahabu hakumwambia mtu, hata mumewe Hezekia.

Tangu hapo akishanawa hapokei mkono wa mtu. Wakamwita mwenye maringo.

Ikafika zamu ya Secilia, wifi yake, mdogo wake Hezekia. Mtoto yu njiani, na maji yaliyochemshwa yamebaki ya kumwoshea mtoto tu. Mara Mama Hezekia akatokea mlangoni, amelowa chapachapa, ametembea tangu alfajiri. Akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mama." Rahabu alipiga goti, mikono yake ameiinua juu.

"Marahaba." Mkono ulibaki pale pale. Wanawake waliokaa barazani wakageuka kutazama.

"Mama, nimeshanawa. Nikikushika wewe, siwezi kumshika Secilia."

"Mikono hii ndiyo iliyomlea mumeo."

"Najua, mama. Nisamehe."

Heshima si utumwa, husema watu. Waliosema hawakuwa wakwe wa mama huyu. Rahabu aliingia ndani machozi yakimtoka, na hata kuyafuta hakuweza.

Secilia alijifungua mtoto wa kike. Rahabu alimpima homa kila alipopita karibu na kitanda, mpaka Secilia akawa anamcheka. Siku ya tatu, hakuna homa. Ya sita, hakuna.

Siku ya nane Mama Hezekia alikuja kuwachukua. Rahabu hakuwa na kazi saa ile. Aliwakimbilia hadi barabarani, akapiga goti kwenye tope, na ingawa mdogo hatangulii kutoa mkono, akanyoosha yote miwili.

Mama Hezekia alikuwa amempakata mjukuu kwa mkono mmoja. Ule mwingine akauingiza ndani ya kanga.

"Hapana, mwanangu," alisema kwa upole kabisa. "Nisije nikakuchafua."